Tundu la Ishirini

Vijana wangu wa gereji, mwezi uliopita mliniona nikiweka keekee ya kutobolea chuma chini, nikifuta mikono na kusema, "Tundu hili nimelikosea, na ndilo la mwisho kwangu." Mkacheka, mkidhani natania. Mmoja wenu akaninong'oneza, "Mzee Shomari, si tulizibe tu kimyakimya? Mwenye gari atajuaje?" Nilivaa kofia yangu nikaenda zangu nyumbani Dunda. Jibu lake ni refu, na miguu yangu siku hizi haipendi kusimama. Nimeona bora niliandike.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Mkange. Nilikuja Bagamoyo nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, zama ambazo magari ya mji huu yalikuwa machache hata watu waliyatambua kwa mlio kabla hayajakata kona. Fundi Kombo, Mungu amrehemu, alikuwa mhunzi. Alifua majembe na mashoka. Magari yalipoanza kuja na kuharibika, akasema chuma ni chuma, akayafungulia banda lake la mabati. Nilikwenda kumwomba kazi, nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Halafu akaniwekea mbele debe la nati kuukuu na beseni la mafuta ya taa. "Zioshe," akasema, "kisha kila nati uitafutie boliti yake."

Nilichambua nati zile siku tisa, kama mwanamke anayechambua mchele wenye mawe. Siku ya kumi akaniambia nifumbe macho, akanitia nati moja mkononi, akataka nimwambie kwa kidole ni ya boliti gani. Nilikosea. Nikarudishwa kwenye debe siku tatu nyingine. Nilikuwa nimeacha mihogo ya baba yangu ili nijifunze gari, na hadi hapo gari lenyewe sijaligusa hata taa. Lakini mpaka leo nipeni nati gizani, nitawaambia.

Kombo hakuwa mtu wa maneno. Alichokuwa nacho ni taratibu zake, na ukizivunja anakuangalia tu mpaka ujute mwenyewe. Kila chuma alichotengeneza alikitundika kwa waya, akakigonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Chuma kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Kama hakuridhika na sikio lake, alikipaka mafuta ya taa, akakifuta kikauka, akakinyunyizia unga wa chokaa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanatoka na kulowesha chokaa, na ufa ambao jicho halikuuona unajichora wenyewe kama mstari wa wino. Na utaratibu mkubwa kuliko zote ulikuwa huu: gari likiguswa magurudumu, breki au usukani, safari yake ya kwanza kile kiti cha pembeni mwa dereva ni cha fundi. Haijalishi mwenye gari ni nani. Bwana shamba mmoja Mzungu aliwahi kukataa, akasema hawezi kukaa na mtu mwenye grisi. Kombo akamwambia kwa adabu kabisa, "Basi Bwana, gari lilale hapa." Bwana yule aliona hana njia, akatandika gazeti kitini.

Miaka ikapita namna hiyo. Vita kuu ya pili ikaja, vipuri vikakatika, petroli ikawa ya kupimiwa, nasi tukajifunza kutengeneza kitu kutoka kitu kingine. Tuliziba mipira ya magurudumu kwa kuipika motoni, tulifua springi kutoka reli. Nadhani ufundi wangu wa kweli niliupata miaka ile ya shida. Kombo naye akaanza kuzeeka, akawa anasogeza vitu karibu na uso. Hakuna aliyesema neno.

Vita ilipokwisha, meneja mmoja wa shamba la katani alirudi kwao. Alikuwa na gari la mbio la viti viwili, refu mbele, fupi nyuma, la tangu kabla ya vita, limekaa chini hata kuku akipita chini yake lazima ainame. Akaliacha kwa tabibu wetu Bwana Idi, kama mtu anayehama anavyomwachia jirani paka. Bwana Idi ndiye aliyekuwa akizunguka vijijini kutibu watu, kwa miguu na kwa baiskeli, na sasa akawa na gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za Ulaya zilizonyooka. Watu walicheka. Lakini aliwahi kumleta mgonjwa mjini nalo kwa muda ambao machela isingeweza, na kicheko kikakoma.

Tatizo lilikuwa magurudumu. Yalikuwa ya vijiti vyembamba vya chuma kama ya baiskeli, yamefungwa kwa nati nne nne. Makorongo ya njia ya kijiji cha Kiwangwa yaliyala yote. Vijiti vilikatika, ringi zikapinda, na mengine ya namna ile hayakupatikana, si Dar es Salaam, si Unguja. Tulichopata ni magurudumu manne ya gari dogo la mizigo, ya chuma kitupu, imara, ila haya yalifungwa kwa nati tano tano, na duara lake lilikuwa kubwa zaidi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Gurudumu hufungwa kwenye kitovu, hicho ninyi mnachokiita habu. Kitovu cha gari lile kilikuwa na matundu manne, nasi tulitaka matano, mahali pengine. Ukiyatoboa hovyo, tundu jipya linaangukia ubavuni mwa la zamani, na chuma kinachobaki katikati kinakuwa chembamba kama ukucha. Kwa hiyo kwanza tuliyaziba yale ya zamani kwa vipande vya chuma, tukavichomelea kwa shaba. Kisha Kombo akachukua bikari, akagawa duara mafungu matano, akalizungusha duara zima mpaka kila alama ikae mbali iwezekanavyo na vizibo. Vitovu vinne, matundu matano kila kimoja, jumla matundu ishirini. Keekee yetu ilikuwa ile kubwa ya kufungwa ukutani, ya kuzungushwa kwa mkono. Tundu moja lilichukua muda wa kunywa chai ukiwa huna haraka.

Nilitoboa mimi kumi na tisa. Alhamisi alasiri, kama saa kumi, tukafikia la mwisho, la kitovu cha mbele kulia. Kombo akasema, "Nipishe. Hili nataka liwe langu." Kazi kama ile hakuwahi kuifanya maishani, nadhani alitaka mkono wake uwemo. Nikampisha. Alitia alama, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia chuma, akaanza kuzungusha.

Mimi nilikuwa natia mafuta. Chenga za chuma zilikuwa zikitoka nyeusi, kisha nikaona zimechanganyika na wekundu. Shaba. Keekee ilikuwa imehama, inakula kizibo cha tundu la zamani. Yeye haoni. Anazungusha, jasho linamtiririka, uso una furaha kama ya bwana harusi. Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini kulikuwa na watu wawili barazani wakitazama, na mtu huyu ndiye aliyenifundisha kila nilichojua. Kwetu pwani mtu mzima humsitiri mtu mzima mwenzake, humvui nguo hadharani. Nikachukua kitambaa, nikazifuta zile chenga kabla hajazigusa, nikakitia kitambaa mfukoni.

Nilijipangia hivi: kesho Ijumaa, Kombo ataondoka mapema kwenda msikitini kama kawaida yake. Nitabaki, nitakifungua kitovu, nitarekebisha, hatajua. Bwana Idi alikuwa aje kulichukua gari lake Jumamosi. Muda upo. Kombo akaingiza boliti, ikakataa kidogo, akaigonga kwa nyundo mpaka ikakaa. Hakukigonga kitovu kusikiliza mlio. Alikuwa amechoka, nami sikumkumbusha, kwa sababu nilijua ningesikia nini. Tukafunga magurudumu.

Ijumaa saa moja asubuhi Bwana Idi akaingia mbio, mkoba wake mkononi. Nyuma yake mtu mmoja wa makamo wa Kiwangwa, jina lake Salumu, baiskeli yake imejaa matope, ameendesha tangu kabla ya alfajiri. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa na uchungu wa kujifungua tangu Jumatano na mtoto hatoki. Gari la hospitali lilikuwa limekwenda Dar es Salaam. Lililokuwapo ni hili letu.

"Mzee Kombo, liko tayari?" Bwana Idi akauliza.

"Liko tayari," Kombo akasema. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Akafungua mlango, akakaa katika kiti cha pembeni, akakusanya kanzu magotini. "Twende. Kwenda nitakaa mimi, kurudi atakaa mgonjwa. Mimi nitarudi kwa miguu yangu."

Bwana Idi akazunguka kwenda upande wa usukani. Nami nimesimama pale, kitambaa cha jana bado kimo mfukoni. Niliona njia yote ya Kiwangwa, kila korongo. Niliona kurudi, mwanamke yule amekaa pale alipokaa Kombo.

"Shukeni," nikasema.

Kombo akaniangalia. "Una nini, Shomari?"

"Gurudumu la mbele la kulia. Tundu moja nimelikosea."

"Tundu lipi?"

"La mwisho, Mzee."

Alijua nani alitoboa la mwisho. Wengine wote hawakujua. Aliiachia kanzu aliyoikusanya magotini, akashuka polepole, akasema, "Haya. Lifungue."

Tulilitoa gurudumu. Nikapaka mafuta ya taa, nikafuta, nikanyunyiza chokaa. Tulisubiri sote tumeinama, hata Salumu. Mstari ukajitokeza kutoka tundu la mwisho, ukapita kwenye kizibo, ukafika tundu jingine lililo jirani. Kile kitovu kilikuwa kimepasuka.

"Likiendeshwa taratibu?" Bwana Idi akauliza. "Nikilibembeleza?"

"Litakatika," nikasema. "Sijui wapi, ila litakatika."

"Mnahitaji muda gani?"

"Mpaka adhuhuri."

Salumu alimtazama tabibu, akanitazama mimi. Bwana Idi akamwambia, "Rudi, ndugu yangu. Mtieni kwenye machela, mje naye kwa barabara, nami nitawakuteni njiani." Salumu akapanda baiskeli bila hata kunywa maji. Nasikia mpaka leo ule mnyororo wake, ulikuwa mkavu, unalia kwa kila mzunguko, na mimi fundi mzima sikuutia hata tone la mafuta.

Tulikata bamba la chuma kutoka lori bovu, tukalitengeneza kama sahani, tukalitoboa matundu matano, tukalipigilia nyuma ya kitovu ili libebe mzigo. Ufa tukauchomelea. Kombo alivuta mivukuto akiwa na kanzu ile ile, ikawa nyeusi mpaka kwapani. Adhana ya Ijumaa ililia tukiwa tunapigilia. Katika miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo Ijumaa pekee aliyoikosa. Mwisho akakitundika kitovu kwa waya, akanipa mimi nyundo. Kikalia vizuri.

Kiti nilikaa mimi. Tulisimama mara moja kukaza nati tena, kama inavyotakiwa, na tulikuwa hatujafika nusu ya safari tulipowaona. Wanaume sita na machela, Salumu nyuma yao na baiskeli yake, na mama mkwe wake pembeni, amebeba kitu ndani ya kanga. Mtoto alikuwa amezaliwa njiani, msichana, mzima. Mama yake alikuwa anavuja damu, na damu haikukata. Bwana Idi alifanya alichoweza pale kwenye vumbi. Tukampandisha kitini nilipotoka mimi, tukamfunga kwa kanga mbili asianguke. Alikuwa baridi mikononi mwangu, lakini macho yalikuwa wazi. Gari likaondoka, Salumu akafuata vumbi lake kwa baiskeli. Mimi nilitembea na yule bibi na kichanga mpaka mjini.

Tulifika jua limeinama. Salumu alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali. Mkewe alifariki kabla gari halijafika, walipoanza kuona minazi ya mji. Nilianza kusema inna lillahi, akainua uso.

"Asubuhi nzima, fundi," akasema. "Asubuhi nzima."

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia kwa miaka minane. Nilikwenda Kiwangwa mazikoni, nikasimama safu ya nyuma. Watu walipopeana mikono, wangu aliuruka. Tulikutana sokoni, tulikutana Idi mbili kila mwaka, nikatoa salamu, na salamu ya Mwislamu isipoitikiwa ninyi wenyewe mnajua uzito wake. Niliona ananionea. Ndani ya moyo wangu nilisema, tundu halikuwa langu, na mimi nimelibeba kwa heshima ya mwalimu wangu. Nilijiona mtu mwema, nawaambia kweli, na ule wema ulinipa usingizi.

Jioni ya siku ile ile Kombo alinikabidhi bikari yake. "Macho yamekwisha tangu mfungo wa mwaka jana," akasema. "Umenisitiri, Mungu atakusitiri. Uliona lini kama nimekosea?"

"Leo asubuhi, Mzee," nikasema. "Nilipopita karibu na gurudumu."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Hakugusa keekee tena. Alikaa barazani akitusikiliza tukigonga vyuma. Na lile gari, acheni niseme, lilikwenda miaka mingi kwa zile nati tano, halikulegea gurudumu hata siku moja. Watu waliisifu kazi yangu mbele yangu, nami nilikuwa natafuta kitu cha kufanya upande mwingine wa banda.

Kombo alifariki mwaka jana. Siku chache baada ya hitima nilikuwa nyumbani nikasikia hodi, na sauti ikisema, "Assalamu alaikum." Ilikuwa ya Salumu. Nywele zimeanza mvi, ameshika mkono wa binti wa miaka minane mwenye mwanya. Nikamkaribisha mkekani. Alikataa kahawa mpaka amalize lake.

"Fundi Kombo aliniita kabla hajafa," akasema. "Ameniambia. Lile tundu lilikuwa lake, wewe ulimsitiri tu. Miaka yote hii nimekulaumu bure, hata salamu nimekunyima. Nimekuja unisamehe."

Maneno haya nilikuwa nimeyangoja miaka minane. Nilikuwa nimeyasikia usingizini. Na yalipofika, yalinichoma. Kwa sababu nilimwona Kombo kitandani, mzee wa watu, anamwita mtu kutoka Kiwangwa ili aungame kosa analodhani ni lake peke yake, na hakuna mtu aliyemwambia vinginevyo, na sasa amekufa.

"Hukunilaumu bure," nikasema.

Nikamweleza. Kwamba tundu lilipinda Alhamisi saa kumi, na mimi niliona shaba kwenye chenga saa ile ile. Kwamba nilizifuta nikatia kitambaa mfukoni. Kwamba ningesema neno moja, tungefanya kazi jioni ile, na asubuhi yeye anafika na baiskeli yake angelikuta gari limesimama mlangoni, zima, linamngoja. Kombo alikosea upana wa ukucha, na mzee asiyeona ana udhuru. Ile asubuhi nzima niliipoteza mimi, na niliona vizuri kabisa.

Binti alikuwa anachezea ukindu wa mkeka. Nilimsikia jirani akitwanga, akamaliza, akaanza tena.

"Alhamisi saa kumi," Salumu akasema mwishowe, "Mwanahawa alikuwa bado anazungumza. Alinigombeza kwa kuwa sijaziba banda la kuku." Akajifuta uso kwa kiganja chote. "Alikuwa na nguvu za kunigombeza."

Nililia. Sikuomba msamaha, sikuwa na uso huo. Akasimama, akamwinua mtoto. "Msalimie fundi," akamwambia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Walikwenda mpaka mlangoni. Nilidhani ataondoka kama alivyoondoka miaka yote ile, nami nisingemlaumu. Akasimama, amenipa mgongo, mkono kwenye mwimo wa mlango. Kisha akageuka, akaniangalia usoni.

"Assalamu alaikum, fundi."

Ile salamu ya kwanza, aliyopiga hodi nayo, alikuwa amemletea mtu asiye na kosa, na mtu huyo hakuwamo nyumbani mwangu. Hii ya pili alinipa mimi. Nikaiitikia.